Masika Kitengela: Mvua ndiyo itakwambia ukweli kuhusu keja uliyolipia

UKISHUKA steji ya Kitengela asubuhi msimu wa masika, angalia miguu ya watu kabla ya nyuso zao. Kuna jamaa amevaa suti ya ofisi juu na gambuti chini. Kuna dada aliyevalisha viatu vyake mifuko ya plastiki, ile ambayo tangu marufuku ya 2017 haifai kuwa inapatikana lakini mvua ikianza huibuka kimiujiza. Kuna wanaotembea na viatu safi mkononi, wakifika barabarani wanabadilisha, kisha gambuti zinaachwa kwenye kibanda cha mama fulani hadi jioni. Pembeni wako vijana wenye ndoo na brashi wanaosha viatu vya abiria kabla matatu haijajaa. Hiyo ni biashara ya msimu, na asubuhi yenye matope haikosi foleni.

Mgeni hucheka. Mwenyeji hachekeshwi, kwa sababu anajua matope ya viatu ndiyo sehemu ndogo ya shida.

Mvua ya masika hunyesha kati ya Machi na Mei, na kwa kawaida Aprili ndiyo huwa kali zaidi. Hainyeshei Kitengela peke yake. Ruaka hulowa, Githurai hulowa, South C hulowa hadi magari yanaelea. Lakini hapa kwetu kuna mambo mawili yaliyokutana: udongo usiomeza maji, na mto unaoweza kufunga barabara ya kwenda kazini. Mpangaji akishaelewa hayo mawili, ushauri mwingine wote unajieleza wenyewe.

Tuanze na udongo. Ni ule mweusi ambao mafundi huuita bleki kotoni. Kiangazi, kama mwezi wa Februari, hupasuka nyufa pana kiasi kwamba simu ikikuponyoka unaweza kuisahau humo. Mvua ikinyesha, udongo huo huo hunyonya maji, huvimba, nyufa hujifunga, na baada ya hapo hauruhusu tone lingine kupita kwa urahisi. Maji yanabaki juu. Ndiyo maana kichochoro cha ploti kinaweza kuwa kikavu saa nane mchana, kigeuke bwawa saa kumi, na bwawa hilo likae siku kadhaa hata kama mvua haikurudi.

Kuvimba na kusinyaa huko ndiko huvunja nyumba. Mjenzi makini huchimba udongo mweusi wote hadi akutane na muram au mwamba, kisha anajaza mawe na muram ulioshindiliwa vizuri kabla ya kumwaga zege ya sakafu. Kuchimba ni pesa, na kubeba udongo kuutupa ni pesa nyingine, kwa hivyo wapo wanaoruka hatua hiyo. Msingi ukikaa juu ya udongo mweusi, ardhi huinuka kila masika na kushuka kila kiangazi, na ukuta unavutwa huku na huku hadi unapasuka.

Wewe mpangaji huwezi kuona msingi. Unaweza kuona dalili. Nyufa zinazoanzia pembe ya dirisha na kupanda kimshazari. Mlango wa choo unaokwama Aprili na kufunga bila shida Agosti. Vigae vya sakafu vilivyoinuka katikati ya chumba. Rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini ya ukuta pekee, ilhali ya juu ni ile ya zamani. Rangi kama hiyo haikuletwa na mapenzi ya urembo.

Ajenti hatakutajia mvua

Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 150,000 Kitengela, na yeyote anayepigania kiti cha matatu saa kumi na mbili asubuhi anajua idadi hiyo haikusimama pale. Watu wanavutwa na kodi iliyo nafuu kuliko ya Nairobi, na kazi za EPZ na viwanda vya Athi River. Wengi ni vijana wanaopanga nyumba kwa mara ya kwanza, depositi mkononi, kitanda na mtungi wa gesi vikingoja kwa binamu.

Sasa kumbuka kilichotokea. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo. Wafugaji wa Kajiado walipoteza ng'ombe kwa wingi. Katika miaka hiyo hiyo ploti ziliuzwa, nyumba zikajengwa, wapangaji wakaingia, wote wakitazama ardhi iliyokauka kama biskuti. Bonde dogo ambalo wazee wa hapa walijua ni njia ya maji lilionekana kama uwanja mzuri tu, karibu na lami. Kisha ikaja vuli ya 2023 iliyobebwa na El Niño, na miezi michache baadaye masika ya 2024. Mtu aliyehamia 2021 alikuwa ameishi miaka miwili mahali asipopajua.

Hali hiyo haijaisha, kwa sababu nyumba bado zinakaguliwa Jumamosi yenye jua. Ajenti anachukua ada yake ya kukuzungusha, anafungua mlango, anakuonyesha mita ya tokeni, anasifia waifai na maegesho. Hatasema chochote kuhusu mvua, na wewe ukiuliza atajibu "hapa hakuna shida" kabla hujamaliza sentensi. Simlaumu sana, komisheni yake inategemea jibu hilo.

Waulize wasio na komisheni. Nenda kwa mama mboga aliye karibu na geti, nunua hata nyanya mbili, halafu mwulize kwa heshima: "Mama, habari ya leo? Nataka kuhamia ploti ile ya geti la bluu. Mvua ikinyesha, maji hufika wapi?" Atakuonyesha kwa kidole. Mwendesha boda atakwambia ni barabara gani haendi usiku hata umwongeze nauli. Soja wa ploti anajua lori la kunyonya maji taka lilikuja mara ya mwisho lini, na kama lilifaulu kuingia au lilikwama nje ya geti.

Halafu rudi siku mvua imenyesha. Ni kero, lakini dakika kumi za siku hiyo zina habari zaidi ya ziara tatu za kiangazi. Linganisha kimo cha sakafu na kimo cha barabara. Kuna nyumba zilizojengwa juu ya barabara miaka kumi iliyopita ambazo leo ziko chini yake, kwa sababu kila mara muram unapoongezwa au kabro kutandazwa, barabara hupanda na nyumba haipandi. Angalia ukuta wa jirani pia. Ploti moja ikijengewa ukuta wa mawe kukatiza njia ya maji, maji hayo hayapotei. Yanaingia kwa anayefuata.

Na kama kutoka dirishani unaweza kurusha mbegu ya parachichi ikaanguka mtoni, hapo usilipe. Kanuni za maji nchini huhifadhi ukanda wa kando ya mto wa kati ya mita sita na mita 30, kutegemea upana wa mto. Jengo likiwa ndani ya ukanda huo, mpangaji ana hofu mbili: mafuriko, na siku tingatinga litakapokuja. Depositi haielei.

Jambo moja zaidi kabla hujatuma pesa: nani hulipa lori la kunyonya maji taka? Kuna ploti mwenye nyumba hulipa, kuna ploti wapangaji huchanga, na kuna ploti ambapo hakuna aliyewahi kuulizwa hadi chemba ifurike. Mwombe mwenye nyumba au keateka akuandikie jibu kwenye WhatsApp. Ujumbe wa mistari miwili utakufaa zaidi ya "usijali, ndugu yangu" ya siku ya kukabidhiwa ufunguo.

Mto ukikata barabara

Mwishoni mwa Aprili 2024, Mto Athi ulivunja kingo zake, maji yakapanda barabarani kati ya Athi River na Kitengela na usafiri wa Barabara ya Namanga ukakatika. Waliokuwa Nairobi hawakuweza kurudi nyumbani, na waliokuwa nyumbani hawakuweza kwenda kazini. Nchi nzima ilikuwa kwenye dhiki. Alfajiri ya Aprili 29 maji yaliangamiza makumi ya watu Mai Mahiu, wengi wakiwa wamelala. Shule zilizokuwa zifunguliwe siku hiyo hazikufunguliwa hadi Mei 13. Kufikia katikati ya Mei, hesabu ya serikali ilikuwa karibu vifo 300.

Kitu ambacho watu wengi wa mtaa hawakijui ni kwamba mto unaweza kujaa hapa bila mvua kunyesha hapa. Mto Mbagathi, unaopita mpakani mwa mbuga ya Nairobi na ndio unaoendelea kama Athi, hupokea maji kutoka upande wa Ngong na Kiserian. Mto Kitengela nao huleta ya kwake kutoka nyandani. Kwa hivyo unaweza kuwa umeketi kwenye veranda, anga safi, nguo zimeanikwa, na huku maji ya mvua ya jana Ngong yako njiani. Ukiona mawingu mazito yamekaa juu ya Milima ya Ngong jioni mbili mfululizo, hesabu kwamba maji hayo yatapita karibu nawe.

Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla ya Machi, wa kila wiki, na tahadhari za mvua kubwa zinapohitajika. Fuata kurasa zake rasmi badala ya zile sauti zinazosambazwa kwenye magrupu usiku, za mtu asiyejitambulisha anayedai daraja limebebwa. Wakati mwingine daraja liko sawa. Wakati mwingine ujumbe ni wa mwaka mwingine kabisa.

Ukifanya kazi Nairobi, panga mapema utalala kwa nani barabara ikifungwa. Hili linaonekana jambo dogo hadi ujikute Mlolongo saa nne usiku, betri asilimia sita. Ongea na rafiki au jamaa wa Syokimau, Imara Daima au South B sasa, kabla ya dharura, na ukubali nawe kuwa mwenyeji wa mtu siku ya zamu yako. Njia ya kuzunguka ipo, ya kupitia Kiserian hadi Isinya kisha kurudi Kitengela, lakini ni mzunguko mrefu na nauli ya siku kama hiyo hupangwa na makanga, si na wewe. Beba chaja ya kubebeka, weka akiba kidogo ya M-Pesa isiyoguswa, na mtumie bosi wako picha ya barabara mapema badala ya maelezo saa tano.

Sasa kuhusu kuvuka. Hapa ndipo vijana hufa, na mara nyingi si kwa kutojua kuogelea. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 tu, yaani hayajafika hata katikati ya muundi, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kubeba gari dogo, na 60 hubeba magari mengi, yale makubwa ya kifahari pia. Boda boda haimo hata kwenye hesabu hiyo. Tatizo la pili ni kwamba maji ya udongo mweusi huwezi kuona chini yake. Lami iliyokatika, chemba isiyo na kifuniko, mtaro wenye kina cha mtu: vyote vinaonekana sawa, kahawia tupu. Dereva aliyevuka mbele yako hathibitishi kitu, maana huenda yeye ndiye aliyemaliza kipande cha mwisho cha lami.

Makanga akisema "tunavuka, shikeni viti," una haki ya kushuka. Shuka. Utachekwa, utapoteza nauli, na utafika kesho.

Nyumbani, umeme ndio wa kuogopa. Ukiishi chini, ondoa ekstensheni zote sakafuni kuanzia leo, hata kama hujawahi kuona maji chumbani. Maji yakianza kuingia na ikiwa swichi kuu iko mahali pakavu, izime kabla ya kuokoa televisheni. Ikiwa tayari umesimama kwenye maji, usiiguse. Toka nje umwite mtu aliye pakavu. Waya ukianguka, uzio wa mabati au wa nyaya ulio karibu unaweza kuwa na umeme pia, kwa hivyo wazuie watoto wa ploti wasisogee na upige 97771 ya Kenya Power. Namba ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199, na ya dharura kwa polisi ni 999 au 112. Ziandike mahali, kwani simu ikizima namba zilizo ndani yake hazimsaidii mtu.

Maji kila mahali, na bado unanunua jerikeni

Kuna kichekesho kichungu cha Kitengela. Wiki ambayo maji yako magotini nje ya geti ndiyo wiki ambayo mkokoteni wa maji hauwezi kufika, lori la boza linakwama, na bei ya jerikeni inapanda. Unatazama ziwa dirishani huku ukihesabu vikombe vya kuogea.

Sehemu kubwa ya mji huu haijaunganishwa na mfumo wa maji taka. Ploti ina tangi la chini, na kando yake shimo ambalo kazi yake ni kuruhusu maji yapenye ardhini. Lakini tumeshasema udongo huu ukilowa haupitishi kitu. Shimo linajaa maji ya mvua kutoka nje, tangi linakosa pa kumwaga, na vilivyotakiwa kwenda chini vinarudi juu kupitia chemba ya uani. Lori la kunyonya nalo haliwezi kuingia kwa sababu ya matope. Ndiyo maana tangi linafaa kunyonywa Februari au mapema Machi, barabara ikiwa bado kavu. Kama ploti yenu haikufanya hivyo, tumieni siku mbili tatu za jua zinazojitokeza katikati ya msimu, na mpigieni mwenye nyumba simu leo badala ya siku harufu itakapoanza.

Bwawa la nje ya geti likishachanganyika na hayo, lichukulie kama maji taka. Watoto wasichezee humo. Ukipita na kidonda mguuni, osha kwa sabuni na maji safi ukifika. Kama tangi la maji safi la ploti liko chini ya ardhi, mwulize keateka kama kifuniko chake kinaziba sawasawa na kiko juu ya kimo cha maji ya uani. Swali hilo moja linaweza kuzuia ploti nzima kuugua.

Maji ya kunywa yachemshe hadi yatokote kabisa kwa dakika moja au zaidi, au tumia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na usubiri dakika 30. Mtu akianza kuhara maji mengi meupe kama yaliyooshea mchele, hiyo inaweza kuwa kipindupindu, ugonjwa unaoweza kuua kwa saa chache. Anahitaji hospitali mara moja. Mkiwa njiani mpeni kinywaji cha chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anywe kidogo kidogo, hata kama anatapika.

Upande wa pili wa kichekesho ni kwamba maji mazuri yanaanguka juu ya paa lako bure. Visima vingi vya hapa hutoa maji ya chumvi, na baadhi yana floridi nyingi inayoacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto. Kuyachemsha hakuondoi floridi. Maji yakipungua sufuriani, floridi iliyobaki inakolea. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Na hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 50 za mraba likinyeshewa milimita 20, mvua ya jioni moja tu ya Aprili, limepokea lita 1,000. Toa yanayomwagika na kurukia pembeni, bado umebaki na kama lita 800. Hizo ni jerikeni 40.

Maji ya mwanzo yaache yapite, maana yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Yanayofuata yanafaa kufua, kuosha vyombo na kuoga. Ya kunywa yatibu kama mengine. Najua utasema paa si lako na gata haipo. Ni kweli. Lakini ploti yenye nyumba kumi zikichanga gata ya upande mmoja na tangi moja, kila nyumba inalipa kiasi kidogo, na wenye nyumba wengi wakiona wapangaji wameshika pesa mkononi hukubali kukata sehemu kwenye kodi. Ombeni mkiwa kundi. Mpangaji mmoja akiomba, huyo ni msumbufu.

Mtaro wa kila mtu

Ukifuata mtaro wa barabara yenu kutoka juu hadi chini utagundua siri ya mafuriko mengi ya mtaa. Kila mwenye ploti aliweka karavati yake mwenyewe ili magari yaingie getini: huyu bomba pana, yule jembamba, mwingine kipande cha dramu kuukuu. Mtaro mzima hupitisha kiasi kile tu ambacho bomba jembamba kuliko yote linaweza kupitisha. Bomba hilo likizibwa na chupa na pampasi, ninyi nyote mlio juu yake mnafurika, hata kama mbele ya geti lenu mmesafisha hadi panang'aa.

Kwa hivyo usafi wa Jumamosi uanzie chini, kwenye bomba lililoziba, mpande nalo juu. Tope mnalotoa lisiachwe ukingoni, kwani mvua ya jioni italirudisha lote ndani. Lijazeni kwenye mashimo ya barabara au mlibebe. Vijana wa kuzoa taka wa mtaa wakilipwa kidogo hufanya kazi hii vizuri kuliko grupu ya WhatsApp yenye watu 200, ambapo 180 hutuma emoji ya pongezi.

Wanaoishi upande unaopakana na mbuga na nyanda wana jambo lao la ziada. Msimu wa mvua, nyumbu na pundamilia hutoka mbugani kufuata nyasi mpya upande wa kusini, ambako hakuna uzio, na simba na fisi huwafuata. Nyasi ndefu kando ya vichochoro pia huficha nyoka waliofukuzwa na maji kwenye mashimo yao. Fyeka nyasi za karibu na mlango, usitembee kwa miguu alfajiri bila tochi, na ukiona simba, hiyo ni simu ya KWS, si nafasi ya TikTok.

Mabomba na mitaro mikubwa, lakini, hayawezi kumalizwa kwa jembe la Jumamosi. Hiyo ni kazi ya kaunti, na hapa kuna sadfa ambayo wapangaji wachache huitumia. Kisheria, serikali ya kaunti inapaswa kuwasilisha makadirio ya bajeti kwa bunge lake kufikia Aprili 30, bunge lipitishe kabla ya Juni kuisha, na mwaka wa pesa uanze Julai 1. Maana yake ni kwamba wiki zile maji yako sebuleni ndizo wiki ambazo pesa za mwaka ujao zinagawanywa, na umma unatakiwa kuulizwa maoni. Vikao vyenyewe mara nyingi hufanyika katikati ya wiki mchana, wakati nusu ya vijana wa Kitengela wako Nairobi. Lakini maoni ya maandishi pia hupokewa, na mpangaji ni mkazi kama mwenye ploti. Ukurasa mmoja unatosha: jina la barabara, bomba gani ni jembamba, nyumba ngapi hufurika, na picha mbili tatu zenye tarehe. Picha hizo zinapigwa sasa, mvua ikiwa bado inanyesha. Agosti hazitapatikana.